Shangazi, nilifungua BL (hati ya mzigo wa meli) ya uongo, sasa milioni 14 za mteja zimepotea na mjomba hajui

Asalaam alaikum Shangazi, natumaini uko salama wewe na watu wako. Mimi ni msichana wa miaka 26, kwetu ni Bombo ila saa hii niko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye ofisi ya kuklia mizigo, yaani kuipitisha forodhani. Ofisi ni ya mjomba wangu, ndugu wa mama kabisa, na ndiye aliyenilipia fizi mpaka nikamaliza diploma baada ya baba kufariki. Nakwambia hivi uelewe kwa nini siku tatu hizi sijalala.

Kazi yangu ni imeili. Mjomba yeye ni mtu wa simu na wa yadi, anaongea na madereva, anaongea na watu wa forodha, mimi ndiye nakaa kwenye kompyuta napokea makaratasi, invoisi, BL, napiga hesabu namwandikia mteja gharama zake ni ngapi. Kwa siku naweza kupata imeili sitini na karibu zote zina faili na karibu zote zinasema haraka, maana kontena ikikaa Mombasa zile siku za bure zikiisha pesa inaanza kuhesabika na mteja anakulaumu wewe.

Sasa wiki tatu zimepita, Jumatatu asubuhi, ikaja imeili kutoka kwa kampuni ya meli, au mimi nilidhani ni kampuni ya meli, inasema hii ndiyo BL ya mwisho, hakikisha kabla ya saa tisa la sivyo itatoka na makosa yalivyo. Nikafungua lile faili. Ikaja kama ule ukurasa wa kuingilia Gmail, imeili yangu imeshajazwa, inataka paswedi tu. Nikasema intaneti imekatika imenitoa, siku hiyo umeme ulikuwa unaenda unarudi. Nikaweka paswedi ikasema nimekosea, nikaweka tena, ikafunguka karatasi haisomeki, maandishi yamefifia, nikasema basi watatuma nyingine, nikaendelea na kazi. Wallahi Shangazi sikuiwaza tena.

Juzi Jumatatu Hajji mmoja mteja wetu wa matairi wa Kampala akanipigia, mzigo unatoka lini, pesa si nilishatuma tangu Ijumaa? Nikamuuliza pesa gani Hajji. Akasema milioni 14 na laki 6, kodi pamoja na kazi yenu, kwenye ile akaunti yenu mpya. Sisi hatuna akaunti mpya. Nikahisi miguu imeisha.

Akanitumia skrinishoti. Imeili imetoka kwangu. Sio inayofanana na yangu, ni yangu yenyewe, herufi kwa herufi, na imeendelea kwenye mazungumzo yetu yale yale ya zamani, na imeanza na “Hajji wetu” kama ninavyomuandikia mimi siku zote, hata hesabu ni ile ile niliyompa. Nikaangalia zilizotumwa sioni kitu. Nikakuta moja ya Hajji imekaa kwenye takataka, anauliza kama akaunti ni sahihi, na mimi sijawahi kuiona. Kwa hofu nikaifuta na zingine, nikabadilisha paswedi, nikamwambia Hajji subiri nifuatilie. Hapo ndipo nilipoishia.

Mwenzangu wa ofisi ya jirani anasema ni vairasi, niweke antivairasi. Nimewaza kukopa kwenye kikundi chetu cha akina mama, halafu niuze kiwanja kidogo nilichoanza kulipia kule Bombo, nimrudishie Hajji polepole mjomba asijue. Na Facebook kuna jamaa anasema yeye kazi yake ni kurudisha pesa zilizoibiwa, anataka laki 3 kwanza kwa mobile money, amenitumia na picha ya kitambulisho chake cha kazi. Nimebakiza kubonyeza tu.

Jana Hajji ameanza maneno, ameuliza “au mmeila?” Yeye na mjomba wanaswali pamoja mjomba akiwa Kampala, ni marafiki toka mimi sijazaliwa. Shangazi, je kisheria mimi ni mwizi? Nimwambieje mjomba? Na waliandikaje kutoka kwenye imeili yangu mwenyewe? Mimi nilikuwa najua imeili ya wizi inakuwa na Kiingereza kibovu na mtu anayetaka kukugawia urithi, hii haikuwa hivyo hata kidogo.

Binti wa Bombo, Malaba

—

Waalaikum salaam mwanangu. Pole bambi, pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna vitu vya kufanya leo kabla benki hazijafunga, kwa hiyo ntaanza na hivyo, maelezo utayasoma usiku.

Kwanza huyo wa Facebook usimpe hata shilingi. Laki 3 hizo zikienda umeibiwa mara ya pili. Watu hao wanazunguka wanatafuta waliopoteza pesa, maana mtu aliyepoteza anataka kuamini, na kitambulisho cha picha mtu yeyote anatengeneza kwa simu. Hakuna raia wa pembeni mwenye uwezo wa kuingia kwenye benki akatoa pesa iliyotumwa. Wanaoweza kuizuia ni benki zenyewe, na polisi wakiwa na amri ya mahakama. Mblok sasa hivi halafu urudi tuendelee.

Pili, piga simu kwa wateja wote ambao wana mzigo njiani au wana deni kwenu. Sio imeili, simu. Hawa watu wamekaa ndani ya imeili ya ofisi wiki tatu wanasoma, Hajji ndiye uliyemjua wewe kwa sababu amepiga, pengine kuna mwingine ameshaandikiwa na anajiandaa kutuma leo mchana. Waambie maneno mafupi tu: akaunti yetu haijabadilika, ukipata imeili ya akaunti mpya usilipe, nipigie.

Tatu ni Hajji, na hapa kila saa ina thamani. Yeye ndiye aliyetuma kwa hiyo yeye ndiye wa kwenda kwenye benki yake, wewe na mjomba hamuwezi kwenda kwa niaba yake. Aende na risiti ya kutuma na ile imeili aliyoipata ikiwa imeprintiwa, aombe watu wanaoshughulikia utapeli, aseme nimetapeliwa naomba mrudishe muamala huu na muwaandikie benki iliyopokea waizuie pesa kama ipo. Kama ipo, nakwambia ukweli, kwa sababu tangu Ijumaa ni siku nyingi na wezi hawa wanatoa haraka, ila huwa hawatoi yote siku moja kila mara na mimi sitaki mkae mkidhani imeisha kabla hamjauliza. Benki itataka namba ya polisi, ile SD reference mnayopewa mkiripoti kituoni, Hajji aripoti kule Kampala, nyinyi mripoti hapo Malaba, maana kwenu pia kuna kosa limefanyika, mtu ameingia kwenye imeili yenu bila ruhusa. Mkiona kituo hakielewi mambo ya kompyuta, makao makuu ya CID, wale wapelelezi wa polisi, yako Kibuli na Hajji yuko huko huko Kampala. Akaunti iliyopokea ina jina, na jina lina kitambulisho. Mara nyingi mwenye akaunti ni mtu aliyeazimisha akaunti yake kwa kupewa kidogo, lakini ndiye mlango wa kuanzia.

Sasa umeona mwanangu, huyo wa Facebook unaweza kumblok peke yako, lakini hicho cha pili na cha tatu huwezi kukifanya huku mjomba hajui. Hii ndiyo sababu nataka umwambie leo. Siku tatu ulizokaa kimya, zile zilikuwa siku za kuzuia pesa. Sikulaumu, najua hofu inavyofunga mdomo, hasa kwa mtu aliyekulea, lakini wale watu wanaishi kwa hiyo hofu yako kuliko wanavyoishi kwa ujuzi wa kompyuta. Mtu akiona aibu anafuta, ananyamaza, anakopa alipe kimya kimya, na wao wanapata wiki nzima ya kuhamisha pesa.

Mwambie uso kwa uso, sio kwa simu wala kwa meseji. Kama unaogopa sauti yake, nenda kwanza kwa mke wa mjomba umweleze, aje akae nawe. Usianze na umeme ulikuwa unakatika na mimi nilikuwa na kazi nyingi, anza na jambo lenyewe: “Mjomba, imeili ya ofisi imeingiliwa, wezi wamemwandikia Hajji kwa jina letu, ametuma milioni 14 na laki 6 kwenye akaunti ya wizi. Mlango niliufungua mimi bila kujua, wiki tatu zimepita. Nimejua Jumatatu nikaogopa kukwambia, nisamehe. Haya ndiyo tunatakiwa kufanya leo.” Halafu umpe karatasi yenye hivyo vitu vitatu. Atapaza sauti, mwache apaze. Mzee akishamaliza hasira anataka kujua afanye nini, na wewe utakuwa umemletea. Halafu yeye ndiye ampigie Hajji, mzee kwa mzee. Hajji sasa hivi anawaza vibaya kwa sababu amesikia “subiri nifuatilie” tu, na mtu wa pesa ukimwambia subiri bila sababu atajaza sababu mwenyewe.

Na kama mjomba atasema ni wewe tu umekosa akili, mwambie hii, ni kesi iliyofika mahakamani Marekani na hukumu ilitoka. Mlithuania mmoja anaitwa Evaldas Rimasauskas, kati ya 2013 na 2015, aliwatapeli Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Google hao hao wenye Gmail. Aliandikisha kampuni yenye jina sawa na la kampuni ya Taiwan iliyokuwa inawauzia vifaa, akatengeneza invoisi na mikataba, zikaenda imeili zinazoonekana zimetoka kwa hiyo kampuni, na watu wa uhasibu wakalipa. Mwaka 2019 akafungwa miaka 5. Hao wana mainjinia maelfu na walilipa, kwa sababu invoisi ilifanana na invoisi wanayoitegemea. Na wewe ulikuwa unategemea BL.

Haya, usiku umefika, umeshaongea na mjomba, tuje kwenye kompyuta.

Umeniuliza waliandikaje kutoka kwako. Hawakuwa na haja ya kuigiza imeili yako, waliingia humo na ufunguo uliowapa. Lile faili ulilofungua sio BL na wala pengine sio vairasi, naamini jina lake liliishia na html. Faili la html ni ukurasa wa tovuti, tofauti yake ni kwamba umelala ndani ya kompyuta yako badala ya kuwa intaneti, wanauchora ufanane na Gmail, wanajaza imeili yako kabisa uone ni kitu cha kawaida, na unachoandika kwenye ile nafasi ya paswedi kinaenda kwao. Ile ya kukwambia umekosea mara ya kwanza ni makusudi, unaandika mara ya pili polepole na wao wanapata uhakika. Halafu wanakupa karatasi iliyofifia uondoke na lawama kwa kampuni ya meli. Ndiyo maana antivairasi ya jirani yako isingekuokoa hapo, hakuna ugonjwa ulioingia kwenye mashine, wewe ndiye uliyetoa ufunguo. Antivairasi iwekeni, ni nzuri, lakini sio dawa ya hili.

Wakishaingia hawafanyi kelele. Wanasoma. Wanatafuta neno invoisi, neno malipo, wanajifunza unavyosalimia, wanasubiri siku ya mteja kulipa, ndipo wanajibu ndani ya mazungumzo yale yale. Na ili usione, wanaweka filta, yaani amri kwenye imeili yako inayosema kitu chochote kutoka kwa Hajji kiende takataka moja kwa moja, na waliyotuma wao wanaifuta kwenye zilizotumwa. Hiyo ndiyo sababu Hajji aliuliza kama akaunti ni sahihi na wewe hukuiona. Jamani hapo ndipo moyo wangu uliuma, Hajji aliuliza! Aliuliza kwa njia ile ile ambayo mwizi amekaa, na mwizi ndiye aliyemjibu.

Kubadilisha paswedi ulifanya vizuri lakini haitoshi, kwa sababu filta haiondoki kwa kubadilisha paswedi, na kama wameweka imeili zenu zifowadiwe kwenye imeili yao, hiyo nayo inabaki. Ingia kwa kompyuta, sio kwa simu, maana apu ya Gmail ya kwenye simu haikuonyeshi hizi sehemu. Nenda kwenye settings zote, angalia sehemu ya filta, chochote usichokijua kipige picha kwanza halafu ukifute. Angalia sehemu ya kufowadi na POP na IMAP, kusiwe na imeili ngeni. Kisha ingia myaccount.google.com, upande wa usalama, uone vifaa vyote vilivyoingia, kifaa usichokijua kitoe, uangalie namba ya simu na imeili ya kurudishia akaunti kama bado ni zenu, kuna wezi wanaweka yao ili wakirudi mlango uwe wazi. Ukimaliza ndio ubadilishe paswedi tena, ndefu, ambayo huitumii kwingine kokote. Na kama ile ya zamani ulikuwa unaitumia pia kwenye akaunti ya URA, wale wa mamlaka ya kodi, au ya benki ya ofisi, badilisha huko leo leo, wanajaribu kila mahali.

Halafu uwashe ule ulinzi wa hatua mbili, paswedi pamoja na namba inayotoka kwenye apu ya simu. Ungekuwa umewashwa ile Jumatatu, paswedi peke yake isingewatosha. Ila usije ukamsomea mtu ile namba kwenye simu, hata akisema ni Google, hata akisema ni mtu wa benki, na usiiandike kwenye ukurasa ulioletwa na linki, kuna kurasa za wizi siku hizi zinachukua paswedi na namba kwa pamoja na kuingia muda huo huo.

Zile ulizofuta usikate tamaa. Gmail inaweka kilichofutwa kwenye takataka siku 30, kwa hiyo kama hukuzifuta na huko pia, zipo, zirudishe. Hata ile ya BL ya wiki tatu nyuma itafute. Usiifungue lile faili tena, fungua imeili tu, kwenye vile vidoti vitatu kuna sehemu ya kuonyesha imeili ya asili, inatoka maandishi mengi ya ajabu ajabu, yadownload hayo kama yalivyo, ndiyo yanayoonyesha imeili ilipita wapi. Hayo ni ya polisi. Skrinishoti pekee haina habari hiyo.

Sasa kuhusu kutambua. Uliyofundishwa, Kiingereza kibovu na urithi wa mfalme, ni ya zamani. Zile bado zipo lakini sizo zinazoua biashara. Siku hizi programu za AI zinaandika Kiingereza safi na Kiswahili safi, na mwizi akishasoma imeili zako anaandika kama wewe. Kwa hiyo acha kuangalia lugha, angalia anachotaka ufanye. Akitaka vitu hivi viwili, paswedi au pesa iende mahali pengine, simama. BL haihitaji paswedi ya Gmail ili isomeke. Hakuna faili lililoambatishwa kwenye imeili linalohitaji hiyo. Ukiletwa ukurasa wa kuingia, angalia kule juu panapoandikwa anwani, ya kweli ni accounts.google.com, na lile lako la html lingekuwa limeanza na neno file. Usidanganywe na kale kapicha ka kufuli, kufuli inasema tu kwamba njia imefungwa watu wa katikati wasisikilize, haisemi mwenye nyumba ni nani, na wezi pia wanaweka kufuli. Kitu kimoja nakipenda sana, weka paswedi zako zihifadhiwe na brauza au apu ya kutunza paswedi, maana hiyo inajaza pale tu ambapo anwani ni ya kweli. Siku ikikataa kujaza, usilazimishe kwa mkono, kuna sababu.

Anwani isome kutoka mwisho kurudi mbele, mwisho ndio mwenye mali. Tovuti ya kodi ni ura.go.ug, na go.ug ni ya serikali. Lakini mtu anaweza kuandika ura.go.ug.lipa-sasa.com na jicho likaishia kwenye ura.go.ug likaridhika, kumbe mwenye hiyo nyumba ni lipa-sasa.com. Kwenye imeili ni vile vile, angalia kilicho baada ya ile @, kwenye simu inakuonyesha jina tu, gusa jina ndio anwani itoke. Herufi moja inatosha kukupoteza, m ikiandikwa r na n, o ikiandikwa sifuri. Linki nayo kwenye simu ibane bila kuachia, itakuonyesha inakokwenda kabla hujaenda.

Na majina ya faili. Mwaka 2000, mwezi wa tano, kulikuwa na imeili ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia nzima ndani ya siku chache, ina kichwa cha ILOVEYOU, faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha zile herufi za mwisho, watu wakaona TXT wakasema ni barua, kumbe ni programu, ikafuta mafaili yao ikajituma kwa kila aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani. Miaka hiyo yote imepita na Windows bado inaficha herufi za mwisho ikiwa hujaiambia isifiche! Fungua folda yoyote, nenda kwenye View, washa File name extensions. Uone mwenyewe BL.pdf.html au invoisi.pdf.exe ilivyo uchi. Zip yenye paswedi ambayo hukuitegemea iache, na Word au Excel ikikuomba ubonyeze kuruhusu makro, yaani programu ndogo iliyo ndani ya faili, usikubali, piga simu kwa aliyetuma.

Najua utasema Shangazi, imeili sitini kwa siku, nitasoma herufi saa ngapi. Ni kweli, na ndiyo maana jicho peke yake silitegemei hata la mtu mwenye akili kama wewe. Mjomba aweke sheria moja ya ofisi: akaunti ya benki haibadilishwi kwa imeili. Mteja akiambiwa imebadilika, apige simu, tena apige namba aliyokuwa nayo zamani, sio namba iliyoandikwa kwenye hiyo imeili, maana hiyo ya kwenye imeili atapokea mwizi. Na nyinyi mkiambiwa na wakala wa Mombasa kwamba akaunti yake imebadilika, vile vile, mjomba apige asikie sauti anayoijua. Iandikwe chini ya kila invoisi. Mjomba ni mtu wa simu, hili ataliweza kuliko wewe.

Kuna hili la kodi pia, na ningependa Hajji alisikie. Kodi ya forodha inalipwa kwa PRN, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa URA, na mtu anaweza kuiangalia kwenye tovuti ya URA kabla ya kulipa akaona kama ni ya kweli. Mazoea ya mteja kumpa wakala pesa zote pamoja, za serikali na za kazi, ndiyo yamefanya milioni 14 ziende mara moja. Mngekuwa mnampa PRN alipe kodi yake mwenyewe, na nyinyi mnapokea ya kazi tu kwenye akaunti yenu, mwizi angepata kidogo au asingehangaika. Najua biashara ya Malaba inaenda kwa kuaminiana na wateja wengine hawataki usumbufu wa benki, lakini jaribuni.

Kisheria, mimi si wakili, ila mwizi ni mwenye nia ya kuiba na wewe huna. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inamshika aliyeingia bila ruhusa na aliyedanganya kwa njia ya elektroniki. Kitakachokuletea shida ni ukiendelea kuficha au kufuta ushahidi, hapo hata mtu mwema anaanza kufanana na mwenzao. Na kuna jambo moja ambalo hukuuliza, imeili ile ina nakala za pasipoti za wateja, vitambulisho, TIN zile namba za mlipa kodi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka ofisi ikiingiliwa hivyo iitaarifu ofisi ya serikali inayosimamia taarifa binafsi, iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Mjomba alijue hilo, aongee na wakili wake, na wateja waambiwe wawe macho mtu akiwapigia akiwa na habari zao.

Mkopo wa kikundi usichukue, na kiwanja cha Bombo usikiguse. Hiyo hasara sio yako peke yako kuibeba gizani, ni jambo la ofisi, Hajji na benki, na wazee hao wawili wana urafiki wa miaka mingi kuliko umri wako, wataketi walizungumze baada ya benki kujibu. Kama mwisho wa siku mjomba atasema uchangie, mtakubaliana kidogo kutoka kwenye mshahara, mchana, mama yako akijua. Kwa sasa funga hii simu uende nyumbani kwake.